Wiki Mbili za Sista Jentrix

Jumatatu, 24 Februari 1958. Ruiru.
Nimempeleka Wakonyo kliniki. Sista Jentrix amesema mimba huchukua wiki arobaini, kwa hiyo mke wangu atajifungua Ijumaa tarehe 7 Machi. Haiwezekani! Nilirudi kutoka Mombasa Ijumaa, 14 Juni mwaka jana. Ongeza wiki arobaini, unatua 21 Machi. Sista akasema wao huanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wiki mbili hivi kabla mimba haijaingia, maana siku yenyewe hakuna aijuaye. Mimi naijua! Tiketi ya treni ninayo! Wiki hizo mbili nilikuwa bandarini napakia magunia. Mimba ilikuja kwa posta? Sista akacheka mpaka akashika meza. Wakonyo naye akacheka. Mke wangu mwenyewe!

Jumanne, 25 Februari.
Gari la kukodi hapa ni moja tu, la Kaleli, na huagizwa mapema. Wakonyo ameshaagiza tarehe 7, twende hospitali Thika. Tobias, fundi cherehani jirani na duka langu la baiskeli, ameagiza tarehe 21 kumleta mama mkwe wake kutoka huko huko Thika. Nikamwendea kwa upole. Nikasema namhurumia yule mama, kwa nini angoje? Tubadilishane. Akakubali, akaahidi kunishonea suruali bure. Mjinga! Ananipa siku yangu na suruali juu yake.

Alhamisi, 6 Machi.
Suruali imekuja. Inabana. Wakonyo amenuna, anasema mtoto hajui kusoma kalenda. Nimemjibu kwamba huyu ni wangu, atajua.

Ijumaa, 7 Machi.
Ngai! Asubuhi uchungu umemshika. Nikasema ni maharagwe. Akanionyesha mwiko. Nikamsihi ajikaze mpaka tarehe 21. Akautumia mwiko. Gari limekwenda Thika. Nikaazima mkokoteni wa punda, Wakonyo juu ya ngozi za mbuzi, mimi mbele namvuta punda. Suruali ikapasuka kabla ya Juja. Mara Kaleli huyo anarudi! Ndani ya gari mama mkwe peke yake kama malkia. Nyuma, vumbini, Tobias juu ya baiskeli, maana kwao mtu haketi na mama mkwe gari moja. Mama akashuka, akampapasa Wakonyo tumbo, akasema huyu Thika hafiki. Kumbe ni mkunga! Akatufukuza sote wanaume. Mtoto amezaliwa kiti cha nyuma. Msichana, Ngina, jina la mama yangu. Wote wazima. Kaleli analilia kiti chake. Tobias, akihema, akaniuliza: eti jirani, leo ni tarehe ngapi?

Ijumaa, 21 Machi.
Leo ndiyo siku halali. Nimemwambia Wakonyo sasa tunaweza kusema Ngina amezaliwa. Akanitupia nepi, na haikuwa kavu. Kliniki nimemweleza Sista kwamba mtoto aliharakisha, tabia ya upande wa mama yake. Akasema mtoto mnene namna ile hakuharakisha popote. Hajui hesabu, masikini.
Nimeandika kwa chaki mlangoni: BAISKELI ZINATENGENEZWA. SIKU ZA KUZAA ZINAHESABIWA.
Kabla ya saa sita akaja Omondi wa stesheni. Nguruwe wake ana mimba. Nimempa wiki arobaini. Akabisha, akasema nguruwe hata miezi minne hafikishi.
Nimemwambia hilo ni kosa la nguruwe.