Sare Niliyomshonea Binti Yangu

Jumatatu, 6 Mei
Nimekata kitambaa! Sketi ya bluu, marinda kumi na sita, nembo kifuani. Shule ya kulipia ya mtaa wa juu sare zake nashona mimi, mwaka wa tisa huu. Keshokutwa maofisa wa chuo cha udaktari wanakwenda pale kuwafundisha watoto kujibu usaili. Shule ya serikali anayosoma binti yangu hawafiki. Huko darasa moja wamo themanini na dirisha limezibwa kwa gunia. Binti yangu ni wa kwanza kati ya hao themanini. Majirani nimewaambia wote. Wengine mara mbili.

Wifi yangu, ambaye mwanawe yuko kule juu, kapita kuniuliza kwa sauti ya asali eti wa kwetu anaomba chuo gani. Nikamwambia kilekile. Kacheka hadi kashika ukuta.

Jumanne, 7 Mei
Sare imemkaa! Mwenyewe kanuna. Kasema yeye si wa kule, ataumbuka. Nikamwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kanijibu ameinama mpaka kiuno kinamuuma.

Jumatano, 8 Mei
Mlinzi kamfungulia geti bila swali. Nimesubiri nje, moyo unakwenda kama cherehani. Saa sita katoka. Kajibu maswali yote, na ofisa wa chuo kaandika jina lake daftarini! Nikapitia kwa wifi, wala si njia yangu, nikamsimulia. Hakucheka.

Jumatatu, 20 Mei
Majina ya waliochaguliwa chuoni yametoka. La kwetu halimo. Binti kaenda mwenyewe chuoni kuuliza. Kumbe nafasi aliyoomba ni ya watoto wa shule za serikali tu. Fomu ilisema hivyo ukurasa wa tatu. Mimi niliishia wa kwanza. Yule ofisa alimkumbuka vizuri mno: huyu si wa kule juu, wa sketi ya bluu? Akamkata, kwamba ni mwongo.

Wa wifi kapata, kwenye nafasi za wote. Wifi kaja kunipa pole. Heri angecheka.

Binti hakulia. Kakaa anatazama ukuta. Nikampelekea chai. Ikapoa. Nikampelekea nyingine. Ikapoa nayo.

Jumatano, 22 Mei
Mungu hamtupi mja wake! Chuo kimesema mwalimu mkuu wake akithibitisha kwa barua kwamba anasoma serikalini, ikafika kabla ya Ijumaa jioni, nafasi atarudishiwa. Mwalimu kaandika papo hapo. Binti kanipa bahasha niitunze. Kasema, mama, nakuomba, usiifungue. Tangu juzi hakuwa ameniita mama.

Alhamisi, 23 Mei
Nimeifungua kidogo tu. Maskini, mistari mitatu! Kama tangazo la kukatika maji. Hakuna "hodari", hakuna "wa kwanza". Mwanangu huyu, mistari mitatu? Nimeipeleka kwa mpiga chapa wa kona, tumeifikisha kurasa mbili, na katika ya pili mwalimu mkuu anatokwa na machozi. Ile fupi nimeikata iwe patani, kiolezo cha kukatia kola. Karatasi yake ngumu, nzuri. Umebaki muhuri. Mchonga mihuri kaniuliza nani kaniruhusu. Nikamwambia mimi ndiye niliyemzaa, ruhusa gani tena? Kakubali, kesho asubuhi utakuwa tayari. Nimemwambia auchonge mkubwa kuliko ule wa shule, wauone vizuri.