Vumbi la Kabati la Akiba

Jirani yetu, fundi viatu, anaapa kwamba siku Mkurugenzi wa Maktaba ya Chuo Kikuu alipozindua Kabati la Akiba, alikata utepe, akatia kufuli, kisha akapiga makofi peke yake mpaka wengine wakaona haya wakamfuata. Fundi viatu ana mkono mzito wa chumvi, lakini hapo hakuongeza hata punje. Mfagiaji wa maktaba alikuwepo; ndiye aliyeshika ncha ya utepe.

"Vitabu ambavyo wahadhiri wametenga ili darasa zima livisome humu ndani," Mkurugenzi alitangaza, "kuanzia leo vimehifadhiwa kikamilifu. Hakuna atakayevigusa!"

Mpango ulifana. Zamani vitabu vya akiba vilichakaa kwa kusomwa. Sasa hata ukurasa mmoja haukunjwi. Anayetaka kusoma anajaza fomu, fomu inakwenda kwenye Kamati Ndogo ya Akiba, na Kamati itakaa mara tu wajumbe watakapoteuliwa.

Mdogo wake mfagiaji alikuwa mwaka wa pili, mtihani Jumatatu. Kitabu cha somo hilo kina nakala moja tu chuoni, kile alichotunga Mkurugenzi mwenyewe, nayo iko kabatini.

"Dada, nikifeli huu ndiyo basi, narudi nyumbani."

"Nani kakwambia utafeli? Hebu tulia."

Mfagiaji aliishia shule ya msingi, lakini matangazo ya ukutani aliyasoma yote, maana ndiye aliyeyafuta vumbi. Kanuni ya kumi na moja ilisema: kila kitabu cha akiba kitapanguswa kila siku, ukurasa kwa ukurasa, na mfagiaji au wasaidizi wake. Ufunguo wa kabati, wa kazi ya usafi, ulikuwa kiunoni mwake.

Kesho yake akaja na msaidizi: mdogo wake. Kitambaa mkono mmoja, kalamu mkono wa pili. Ukurasa mmoja, dakika tano.

"We binti, unapangusa au unasoma?" karani wa mlangoni aliuliza.

"Vumbi limeingia mpaka kwenye mistari, kaka. Huwezi kulitoa bila kuipitia."

Karani akaandika: Usafi unaendelea.

Kufikia Ijumaa wasaidizi walikuwa arobaini, foleni mpaka ngazini, kila mmoja na kitambaa chake. Mkurugenzi alizipeleka kanuni zake kwa jopo la kupandisha vyeo, ziwe ushahidi wa uongozi bora. Jopo likafurahi, likamwita ahojiwe Ijumaa hiyo hiyo saa tisa, kuhusu sura ya nne ya kitabu chake.

Saa nane alishuka ngazi mbilimbili, jasho likimtiririka.

"Nifungulie kabati, haraka!"

"Fomu, mzee," karani alisema kwa heshima zote. "Kanuni ya kwanza. Anayekiuka anafukuzwa, bila kujali cheo."

Mkurugenzi akamgeukia mfagiaji, ambaye miaka yote alimwita "wewe".

"Dada yangu," alinong'ona, "naomba kitambaa."

Mfagiaji akatazama saa ya ukutani. Akatazama foleni. Mdogo wake ndiyo kwanza alikuwa anaifungua sura ya nne. Akauchukua ufagio wake, akaendelea na kazi.