Jinsi Nilivyomkwamisha Gavius Mpaka Akawa Mkuu wa Soko

Siku ya Zohali, Machi 7

Gavius anagombea! Gavius mkamua zeituni, jirani yangu ukuta kwa ukuta, mwenye kipara kinachong'aa kama sahani! Anautaka Ukuu wa Soko, cheo ambacho mimi, Quintus Tettius, nimekigombea mara mbili na kukikosa mara mbili, na mwaka huu nakigombea tena. Husuda za watu tu.

Baba mkwe, mzee Ofilius, kaja asubuhi hata sijanawa uso. Kasema mji mzima wa Calvanum unamcheka kwa kumwoza binti yake kwa bingwa wa kushindwa. Nikishindwa tena, na kushindwa kwenyewe na mkamua mafuta, anamchukua Ofilia anarudi naye kwake. Sheria inamruhusu, baba ni baba. Nimemwambia aondoe shaka.

Sina ninachokipenda duniani kama mke wangu. Kwa hiyo Gavius lazima aanguke.

Siku ya Jua, Machi 8

Alfajiri nimemtuma mchoraji kwenye ukuta wa hamamu, bafu la mji. Maandishi mekundu, makubwa: WEZI WOTE WA SOKONI WANAMTAKA GAVIUS. Chini yake: NA WALEVI PIA. Nani atamchagua mtu wa wezi na walevi? Nimekula dengu zangu kwa raha.

Jioni. Sikuwa nimefikiria walevi wako wangapi! Wamefurahi kukumbukwa, wanasema hakuna mgombea aliyewahi kuwataja. Wamezunguka mji mzima na magudulia yao wakiliimba jina lake. Seremala mmoja, asiyeonja hata tone, kalalamika mbona maseremala wameachwa, akajiandika mwenyewe. Waoka mikate wakafuata. Wachunga nyumbu wakafuata. Sasa ukuta umejaa, hakuna hata pa kutemea mate, na kote ni Gavius, Gavius, Gavius.

Ofilia kauliza kwa upole, je, jina langu limeandikwa wapi? Nimemwambia siasa ina mambo yake.

Siku ya Mirihi, Machi 10

Nimetunga wimbo. Kazi ya siku mbili, na si kujisifu, ni mtamu. Unasema Gavius akitaka kujua kama mafuta ni safi huyapaka kiparani, nzi akiteleza yanauzwa. Unasema mengine ambayo siwezi kuyaandika humu. Nikawapa waimbaji watatu wa msibani, maana wana sauti.

Balaa! Kufikia mchana mji wote unauimba. Kinyozi kanieleza, kama vile mimi ni mgeni hapa, kwamba mtu hatukanwi hivi ila amekaribia makuu. Majemadari wakirudi na ushindi, je, askari wao hawawaimbii matusi, ili kijicho kisiwapate? Basi Gavius ameshakingwa. Kijicho hakimwezi tena. Na huyo Gavius mwenyewe! Kaja mlangoni kwake akaucheza! Kipara kinameremeta, tumbo linaruka, wanawake wanapiga makofi. Kisha kanigongea mlango na bakuli la zeituni, kasema waimbaji wamemwambia mtunzi ni nani, na ahsante sana jirani, kumbe una kipaji.

Ofilia kazila zeituni zote. Kasema ni tamu. Kisha kaniambia dua la kuku halimpati mwewe. Kuku ni nani? Sikuuliza.

Siku ya Mshtarii, Machi 12

Leo nilikuwa na silaha ya mwisho. Demophon, mtabiri wa Kigiriki, kateremka melini juzi, ana ndevu za kutisha. Mpango: Gavius akianza kuhutubia uwanjani, mawingu yakiwa mazito kama haya ya wiki hii, Demophon asubiri radi na kutangaza nuksi. Nimemwambia achague maneno mwenyewe, yeye ndiye fundi.

Nilivaa joho langu la ugombea, nimelisugua chokaa likawa jeupe pe. Gavius kapanda jukwaani. Radi ikalia. Demophon karuka, kanyoosha mkono, kapiga ukelele: "Kushoto! Radi imelia kushoto kwake! Ole wenu, watu wa Calvanum!"

Uwanja ukalipuka kwa shangwe.

Kushoto! Yule mpumbavu! Huko kwao Ugiriki kushoto ni nuksi. Kwetu sisi, tangu enzi za mababu, radi ya kushoto ni mbingu zimeridhia! Hata mtoto anajua! Demophon alipoona watu wanakumbatiana akadhani wamechanganyikiwa kwa hofu, akazidi kupiga kelele, "Kushoto! Kushoto kabisa!" Wakambeba mtabiri wangu begani.

Halafu ikanyesha. Chokaa yote ikanitiririka mpaka miguuni, nikasimama katikati ya uwanja kama mtu aliyemwagiwa uji. Watu wanacheka, wengine wamekaa chini kabisa kwa kicheko. Nani kanifunika na gunia la kukamulia? Gavius. Kanisindikiza hadi nyumbani. Hata sasa nanukia mafuta.

Siku ya Zuhura, Machi 13

Kashinda. Kila mtaa. Hata mtaa wetu. Kwenye hotuba kanishukuru kwa jina mbele ya watu wote, kasema bila Tettius asingejulikana nje ya kichochoro chake. Watu wakanipigia makofi. Sijawahi kupigiwa makofi mengi vile maishani mwangu, nami nilitamani ardhi ipasuke.

Siku ya Zohali, Machi 14

Mzee Ofilius kaja na mkokoteni wa nyumbu. Ofilia kafunga vitu vyake mwenyewe, kachukua kitanda cha kufumia na sanamu ndogo ya mama yake. Nikamwomba asiende. Nikamwambia yote niliyafanya kwa ajili yake.

Kaniambia alinisubiri siku zote hizi nitoke nje nimwombe mtu mmoja tu kura. Mmoja. Sikumsalimia hata muuza samaki. Kisha kasema, na macho yake yalikuwa yamelowa: "Sisi wanawake hatupigi kura, Tettius. Lakini ningekuwa nayo ningempa Gavius. Ndiye mtu pekee uliyekuwa ukimtaja humu ndani."

Wameondoka. Nyumba imepoa. Bakuli la zeituni bado liko mezani na kokwa zake. Nimelia, nisijidanganye.

Jioni. Habari mbaya: jirani wa mzee Ofilius ni mwanamume aliyefiwa na mke, Plautius fulani, mpole, ana mizabibu, na kinyozi anasema alishamtazama Ofilia akiteremka mkokotenini. Mzee hana hakika naye. Ofilia hata hamjui.

Atamjua! Nimeshamrudisha mchoraji. Nimeshaanza ubeti wa kwanza. Na Demophon nimemfundisha vizuri safari hii, radi ikilia aseme kulia. Hadi kesho jioni hakutakuwa na mtu katika mtaa ule asiyelijua jina la Plautius.