Mradi Nisipelekwe Malinyi

Jumatatu, 13 Aprili

Wewe uliyeishika shajara hii, nakusihi, ifunge. Kama umeshindwa kuifunga, basi soma kimya, wala usichezeshe midomo. Neno moja likimfikia Bryson, nimekwisha. Likimfikia Mama Wilhelmina, nimekwisha mara ya pili. Apa. Umeapa? Asante.

Habari yenyewe ni mbaya. Mama Balbina, mwenye nyumba wangu hapa Mlabani, kaileta kutoka sokoni pamoja na bamia. Kampuni yetu ya mpunga inafungua ghala Malinyi, na karani mmoja atapelekwa huko kabla ya mavuno. Makarani tuko wawili tu. Mimi na Bryson! Mama Balbina akasema nisitetemeke, nitamwaga chai. Nikasema sitetemeki. Nikaimwaga.

Malinyi! Na masika yote haya! Maji mpaka madirishani, viboko wanapita uani kama wapangaji, mbu wa kumbeba mtu na shuka lake. Sijawahi kufika, lakini najua.

Saa ya chai nikapata dawa. Nimemsikia Mama Wilhelmina, meneja wetu, akilalamika kwenye simu. Anaomba kusoma shahada ya pili ya biashara, na mtihani wa kuingia una sehemu ya kuchambua takwimu inayomtoa jasho. Majedwali, grafu, maswali ya ajabu. Mtihani ni Jumamosi ya wiki ijayo, Dar. Nani ana shahada ya takwimu ofisini? Mimi! Nani atamfundisha? Mimi! Na hakuna mtu anayemtupa mwalimu wake Malinyi.

Bryson ana nini? Ana manukato.

Jumanne, 14 Aprili

Nimejitolea! Mama Wilhelmina akanitazama juu ya miwani, akauliza kama nimewahi kuufanya mtihani huo. Nikasema naufahamu kwa kina. (Kitabu chake nimekipakua jana. Niko ukurasa wa tisa.) Akasema tuanze leo leo, saa ya chakula, ofisini kwake.

Nikaanza na aina ya swali inayowaangusha wengi. Unaulizwa jambo, kisha unapewa taarifa mbili. Hutakiwi kutafuta jibu. Unatakiwa kusema tu kama taarifa hizo zinatosha kulipata. Ya kwanza peke yake? Ya pili peke yake? Zote pamoja? Au hata zote hazitoshi? Nikampa mfano: je, mpunga wa gunia hili umekauka? Taarifa ya kwanza, ulianikwa jana. Taarifa ya pili, jana Kibaoni kulinyesha. Akajibu hapo hapo kwamba hazitoshi, kwani nani kasema ulianikwa Kibaoni?

Hatari. Ana akili.

Nikamwonya kitaalamu: Mama, kosa kubwa ni kulirukia jibu kabla ya kuuliza usichokijua. Sentensi nzuri sana. Sijui niliitoa wapi.

Nikiondoka akasema, "Asante, Mwalimu." Mwalimu! Na Bryson kasikia!

Alhamisi, 16 Aprili

Mkakati: kufundisha polepole. Mwanafunzi akielewa mapema, mwalimu wa nini? Nimempa jedwali moja siku mbili, leo nimebadilisha vichwa tu. Akauliza kama hili si ndugu yake lile la jana. Nikasema ni marudio. Akasema marudio ya nini, wakati jana alilipata? Kisha akaniuliza swali la katikati ya kitabu. Mimi bado niko mwanzoni! Nikasema hiyo ni mada ya kesho.

Mbaya zaidi, amenogewa. Dereva wa lori amekuja kueleza kwamba amechelewa kwa sababu ya ng'ombe barabarani. Zamani Mama angesema sawa, nenda kashushe. Leo alimuuliza ng'ombe walikuwa wanaelekea wapi, na je, taarifa hiyo inatosha kueleza kwa nini mdomo unanuka pombe ya komoni? Dereva akanitazama mimi. Siku hizi wote wananitazama mimi.

Bryson kaanza kuniita Ticha. "Oya Ticha, mbona jasho? Darasa lina moto?" Halafu akajisifu mbele ya wapakiaji kwamba yeye akiambiwa Malinyi anaenda, hakuna noma, kule samaki kama wote.

Nimeikariri kauli hiyo. Itanifaa.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimekufa!

Mama Wilhelmina kaniuliza maswali matatu, kwa upole, akikoroga chai. Najua kuogelea? Najua kuendesha pikipiki? Navaa kiatu namba ngapi?

Kuogelea! Pikipiki! Kiatu, maana yake gambuti! Hakuna la kuuliza tena. Ni mimi.

Nikapambana kiume. Nikasema siogelei hata kwenye beseni. Pikipiki naiogopa hata ikiwa imezimwa. Nikaongeza kwamba kusimamia watu hunipa kizunguzungu. Hilo hakuuliza, nilijitolea. Namba ya kiatu tu nilisema kweli, nane, kwa kuwa uongo haukuwahi kufika. Akashusha pumzi, akasema pole sana, Mwalimu. Uso wake ulikuwa na huzuni.

Amekata tamaa nami! Safi kabisa!

Jumatatu, 20 Aprili

Jana nzima nimetunga mwiko. Hata kanisani nilikuwa natunga. Leo nikamweleza Mama Wilhelmina, kwa unyenyekevu, kwamba ukoo wetu upande wa mama hauvuki maji ya masika. Babu alivuka, akawa bubu. Nikaongeza kwamba Malinyi imekatazwa kwa jina lake hasa, kwa sababu ya vyura.

Akaweka kalamu chini. Akasema yeye ni Mndamba. Kazaliwa Malinyi. Kapanda mtumbwi kabla hajajua kutambaa, na vyura wa kwao hawajawahi kumnyamazisha mtu, ingawa kuna watu angependa wajaribiwe. Akauliza ni ukoo gani huo, maana koo za kule anazijua zote.

Nikasema ni ukoo mdogo. Mdogo sana.

"Mwalimu," akasema, "taarifa hazitoshi." Kwa silaha niliyompa mwenyewe!

Jumanne, 21 Aprili

Wazo! Limekuja nikipiga mswaki, nikameza povu kwa furaha. Kwa nini nimshawishi kwa maneno, wakati ninaye darasani kila mchana?

Nikamsomea zoezi jipya, kwa uso usio na hatia. Kampuni ina makarani wawili, R na B. Mmoja ataenda M. Je, anayefaa ni B? Taarifa ya kwanza: B anapenda samaki. Taarifa ya pili: R hajui maji, wala pikipiki, wala watu.

Akatabasamu. Akajibu kwamba hata zote pamoja hazitoshi, kwa sababu hatujaambiwa huko M kuna kazi gani. Nikasema kazi si muhimu. Akasema huenda ndiyo muhimu kuliko yote. Je, R asingependa kuuliza? Nikasema R hana swali. Nikatupa taarifa ya tatu, ile niliyoihifadhi: B mwenyewe ametamka mbele ya mashahidi kwamba akiambiwa M anaenda, hakuna noma.

Mama Wilhelmina akavua miwani. Akatazama nje, kwenye lori lililokuwa likishusha mpunga. Kisha akasema basi, kama R ameshaamua, zimetosha.

NIMESHINDA! Nimemnunulia Mama Balbina perege mkubwa. Akauliza nimeshinda nini. Nikasema asubiri Alhamisi, siku ya tangazo.

Alhamisi, 23 Aprili

Bryson anaenda Malinyi! Nilipiga makofi kuliko wote. Niliendelea kupiga hadi niliposikia sehemu ya pili ya tangazo. Anaenda kuwa mkuu wa tawi. Nyumba ya kampuni, juu kabisa pasipofika maji, yenye wavu madirishani. Wasaidizi wake. Pikipiki mpya.

Mikono yangu ikabaki hewani.

Baadaye Mama Wilhelmina akaniita. Kasema jina lililopendekezwa tangu mwanzo lilikuwa langu. Yale maswali ya kuogelea na pikipiki aliuliza ili ajue nifundishwe nini kabla ya kuondoka. Gambuti alishaninunulia. Kasema hakutaka kumlazimisha mtu kwenda kwao, kwa hiyo alinipa nafasi ya kuuliza, tena si mara moja. Nikasema ndiyo, Mama. Nikaenda stoo kulia kwa faragha. Nikamkuta Bryson anajaribu kofia ya pikipiki.

"Ticha! Nasikia umenipigia debe. Wewe ni mtu na nusu."

Mama Balbina naye kauliza kwa nini sikuuliza tu. Kasema yeye hata bamia huuliza kwanza kama ni za leo. Nikamwambia mambo ya ofisi si bamia.

Jumatatu, 27 Aprili

Amefaulu! Mama Wilhelmina karudi kutoka Dar anang'aa, na sehemu ya takwimu ndiyo aliyoipata vizuri kuliko zote. Kanishukuru mbele ya kila mtu.

Halafu akasema anahitaji mtu wa kwenda kijiji cha Mofu...

Nikasimama! Kiti kikaanguka. Mimi, Mama! Akasema hajamaliza. Nikasema haina haja, safari hii nimejifunza. Akauliza kama sina swali hata moja. Sina! Akauliza tena, taratibu, kama anavyoongea na mgonjwa. Sina, Mama!

Akavuta gambuti kutoka chini ya meza, akanikabidhi. Namba nane!

Malinyi kulikuwa na gambuti, na kulikuwa na ukuu. Mofu kuna gambuti. Mwenye macho haambiwi tazama. Nimeshachagua rangi ya pikipiki: bluu.

Jumatano, 29 Aprili

Naandika juu ya dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa katikati ya shamba darasa la kampuni, hapa Mofu. Chini maji. Juu kwelea kwelea. Kazi ni kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, mpaka mavuno. Seni, aliyekuwa akiifanya, amerudi kwa ng'ombe wake. Alinikabidhi kombeo na debe bovu la kugonga, akauliza kama kweli niliomba mwenyewe, kisha akacheka kwa Kisukuma mpaka akakaa chini.

Lakini sijavunjika moyo. Sikiliza! Leo pikipiki mpya imepita kwenye tuta, ikarudi, ikapita tena. Dereva, kofia usoni, alisimama akanitazama kwa muda mrefu, mabega yakimtikisika. Aliacha harufu nzuri ya manukato mpaka huku juu. Wakubwa wa makao makuu hunukia hivyo.

Taarifa ya kwanza: alikuja kunikagua. Taarifa ya pili: alitikisika kwa hisia. Napewa ukuu wa tawi la Mofu. Zinatosha, tena zimezidi!

Ukitaka kuja kunipongeza, shuka penye mashine ya kukoboa, uliza dungu la Ticha. Jina limefika kabla yangu, sijui nani kalileta. Simu inashika nikiwa ngazi ya juu kabisa, nimekumbatia nguzo, kwa hiyo usipige asubuhi wala jioni, ndege wanapokula. Afadhali simama tutani, gonga sufuria. Nitakujibu kwa debe. Lete mkate na chandarua. Na ukikutana na Bryson njiani, usimwambie niko wapi.

Mwambie niko ziara ya kikazi.