Mwizi wa Meza Thelathini na Saba

Kinanda, aliyeitwa hivyo kwa kuwa mdomo wake haukosi tuni, alipita duka la samani akamwona mama mwenye duka yuko chumba cha nyuma, anakunywa chai na kulilinda duka kwa runinga ya kamera. Duka lenyewe hakulitupia jicho hata mara moja. Alilitazama kwenye runinga tu.

"Mungu hamtupi mja wake," Kinanda akanong'ona, kama mtu aliyetoka kusali.

Akaenda kwa binti mmoja mchoraji wa picha zinazotembea, zile zinazofika mwisho zikaanza upya wala hujui zilipoungwa. Binti alichorea kitandani, amepiga magoti, na mgongo ulishaanza kumsema.

"Mwanangu, nina duka la samani. Nichoree duka langu limetulia, lijirudie kutwa. Nitakupa meza ya kuchorea, ile ya mninga."

Binti akainamisha macho. "Meza nzima, mjomba?"

"Na droo zake!"

Picha ilichukua wiki. Ilikuwa ya sekunde kumi na mbili, Kinanda akatazama tatu: duka kimya, pazia linacheza. "Mikono yako ibarikiwe!" Akaondoka nayo mbio.

Kesho yake akavaa ovaroli, akajiita fundi wa kamera, akaichomeka ile picha kwenye runinga ya duka. "Mama, imekaa sawa. Endelea na chai."

Kisha akaifuata meza ya mninga, maana ndiyo ya bei. Ahadi aliyompa binti alishaisahau. Akatoa droo moja moja ili iwe nyepesi, akasubiri njia itulie, akajitwisha.

"Mwizi!"

Kumbe binti, kwa shukrani, alikuwa amemchora mjomba mkarimu: kuanzia sekunde ya tano anapita na meza kichwani, anatabasamu, anatoka, anarudi kuanza upya.

"Meza thelathini na saba!" mama alifoka, kikombe mkononi. "Na mimi ninazo nne tu! Nyingine umeziiba wapi?"

"Mbona hukupiga kelele kwenye ile ya kwanza?"

"Nilitaka kujua utafikisha ngapi!"

"Mama, haki ya Mungu, nimeiba hii moja tu!"

Mlinzi wa duka akafika mbio na rungu. Hata yeye alimwonea huruma.

Hapo binti akatokea mlangoni na kamba ya kufungia meza yake. "Mjomba, kumbe umeshaanza kunibebea!"

Mama akamtazama binti, akaitazama runinga. "Wewe ndiye uliyemchora?"

"Ndiyo, shangazi. Nimekosea pua?"

"Pua ndiyo yenyewe. Meza chukua, iwe malipo yako. Picha naiweka dirishani, watu wamjue."

Kinanda akaibeba meza hadi kwa binti, ghorofa ya tatu, mlinzi na rungu nyuma yake. Alipoitua, jasho likimtiririka, binti akamshukuru, akasitasita, akatazama vidole vya miguu yake.

"Samahani, mjomba. Na droo?"