Sukari ya Daktari Kinanda

Kinanda aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake ukianza kupiga, watu huacha shughuli zao wakasikiliza. Asubuhi hiyo alimwona mama mmoja mshonaji akitoka kliniki ya kisukari na bahasha ya vidonge, uso umemkunjamana, akajua riziki imempitia mbele ya macho. Akavaa koti jeupe, akamfuata hadi kibandani kwake.

"Mama, vidonge hivyo vinaituliza sukari tu," alisema, akitoa chupa ya majani machungu yaliyochemshwa. "Hii inaifukuza kabisa. Inaamsha kongosho, inafagia mishipa ya moyo, presha inashuka yenyewe. Ukianza hii, vidonge tupa."

Mshonaji alimtazama. Mdomo huo alikwisha kusimuliwa. Dada yake alinunua chupa kama hiyo kwa mtu huyuhuyu, akaacha vidonge, mwezi haujaisha akaanguka jikoni.

"Na wewe unaitumia?" aliuliza kwa upole.

"Kila siku. Sukari yangu kama ya mtoto."

"Basi nitanunua, na majirani nitawaita. Kula papai kwanza, baba, unaonekana umetembea sana."

Kinanda akala kwa mikono, utamu ukamchuruzika vidoleni. Kabla hajajifuta, mshonaji alikuwa ameshatoa kipimo chake cha sukari na kumdunga kidole.

Ishirini na nane.

"Marehemu mume wangu alifika ishirini tu," alisema mshonaji taratibu, "tukamzika." Mume huyo, ukweli usemwe, alikuwa kazini, mzima wa afya.

Kinanda alikikodolea macho kipimo. Kiu ambayo hakuwa nayo ikamshika.

"Wahi kliniki. Koti liache, joto litakumaliza."

Akatoka mbio, mapato yake yote yakibaki mfukoni mwa koti.

Kliniki, muuguzi alimnawisha kwa sabuni, akampima upya. "Tano na nusu. Huna kitu. Ulishika nini kitamu? Kikibaki kidoleni, kipimo kinasoma hicho."

Kinanda alirudi akiwaka. Koti lilikuwa limetundikwa mlangoni, limepigwa pasi, mifuko mitupu. Kando ya cherehani aliketi dada mtu, miguu iliyovimba juu ya kigoda.

"Pesa zangu ziko wapi?"

"Zako?" Mshonaji hakuinua macho. "Nenda polisi. Ukifika, waeleze ulizipata kwa kuuza nini."

Kinanda alichukua koti lake, akabaki amesimama mlangoni. Dada mtu akameza kidonge chake kwa maji, akamtazama juu hadi chini.

"Umenizibia upepo, daktari. Sogea."