Mita Tisa za Maji Safi

Kng'! Sahani ya bati iligonga mguu wa meza gizani, na Profesa akafumbua jicho moja. Jina la Profesa alijipa mwenyewe, siku ile ile alipofukuzwa chuo cha ufundi, ili asipoteze muda.

"Ni mimi, mkwe," mama mkwe alinong'ona. "Goti limevimba. Leo nani atanipimia ziwa?"

Bibi huyu, muuguzi mstaafu, aliongoza kikundi cha kujitolea. Kila Jumamosi alfajiri walijiandaa, na jua likishapanda walishusha ziwani sahani iliyopakwa rangi nyeusi na nyeupe, imefungwa kwenye kamba yenye alama za mita. Ikipotea machoni, waliandika kina. Maji yakiwa safi, sahani huonekana hadi mbali chini. Yakiwa machafu hupotea upesi. Na magugu pia waliyahesabu. Malipo yao yalikuwa asante.

Profesa hakuwahi kufanya kazi ya bure tangu azaliwe. "Pumzika, mama. Mimi nipo."

Mama mkwe nusura alie kwa furaha.

Kituo cha mama mkwe kilikuwa mbele ya hoteli, pale bomba la jikoni lilipotapika mafuta na makombo, na magugu yakanawiri kuliko bustani ya wageni. Profesa hakulowesha hata kidole. Alinyoosha hadi ofisini kwa mwenye hoteli.

"Tajiri, fomu hii inaweza kuandikwa ukweli, au inaweza kuandikwa vizuri."

"Ukweli ni mita ngapi?"

"Ukweli unanuka, tajiri. Wewe unataka ngapi?"

Mwenye hoteli akafikiri kama mtu anayechagua viatu. "Hoteli ya jirani wana sita. Niandikie tisa."

"Tisa ni nzito, mkono wangu utachoka."

"Nina friji stoo. Jeupe, refu, milango miwili."

Moyo wa Profesa ukaruka. Miaka mitatu alimwahidi mkewe friji, ili auze juisi baridi aache kufulia watu nguo. Wiki ile mkewe alimwambia, bila hata kupandisha sauti, kwamba ahadi ikivunjika tena, mlango wa nyumba hii ya mama yake anaujua ulipo.

Akaandika tisa, kwa mwandiko mzuri sana.

Jumapili friji likafika kwa mkokoteni. Getini hotelini nako kikasimama kibao: MITA TISA ZA MAJI SAFI. Wanakikundi walikwenda kukisoma, wakashika mbavu.

"Mkwe wangu," mama mkwe alisema, fomu mkononi, "nimejikokota na goti langu nikapime upya. Sentimita arobaini. Na ziwa lenyewe pale lina kina cha mita nne. Hizo tano za chini, uliona tope linaota ndoto gani?"

Mara mwenye hoteli akaingia bila hodi, amefura.

"Mji mzima unanicheka! Tapeli wewe!"

"Uliagiza tisa, nikakupa tisa. Friji halirudi."

Mwenye hoteli akalitazama friji, akamtazama Profesa, na hasira ikamtoka ghafla. "Basi, baki nalo. Mimi si mtu wa visasi." Akaondoka akipiga mluzi.

Profesa, mshindi wa vita vyote, akachomeka waya. Taa ndogo ikawaka. Mkewe alitabasamu, tabasamu ambalo nyumba ilikuwa imelisahau, akapanga chupa ishirini za juisi moja moja, akaketi kusubiri.

Jioni binti yao wa miaka mitano akafungua mlango wa friji, akaingiza kichwa.

"Baba, humu ndani kuna joto."